Buluu Chini ya Verni

Rodrigue, mfanyabiashara kutoka Butembo anayeuza mabati karibu na stesheni ya Kindu, alileta gari lake kwa fundi Twaibu Jumatatu asubuhi. Lilikuwa pikapu la zamani, la kijivu, na verni yake, lile tabaka la juu linalong'arisha rangi, ilikuwa imebambuka kwenye kapo juu ya injini, kwenye paa na kwenye mlango wa dereva, ikaacha mabaka meupe yaliyopauka. Rodrigue hakutaka kulipaka gari zima rangi mpya. Alitaka lipendeze kidogo tu, kwa gharama ndogo, maana mnunuzi mmoja wa Punia alikuwa anakuja kuliona Ijumaa.

Twaibu alimwambia inawezekana. Alikuwa amefanya kazi hiyo tangu ujana, na sasa ndevu zilikuwa zimejaa mvi. Panapobambuka tu ndipo panaposuguliwa, kwa msasa na maji, mpaka ukingo wa verni iliyobaki ulainike na kidole kisihisi kitu. Kisha unasafisha, unafunika vioo kwa magazeti, unapuliza verni mpya nyepesinyepesi mara tatu, ukingoja kila safari ikauke. Haitakuwa kama mpya, alisema, lakini mtu akisimama mbali kidogo hataona.

Alianza na kapo, akaja paa. Jumanne akafika mlangoni. Chini, karibu na bawaba, kutu ilikuwa imevimbisha rangi, ikabidi achukue msasa mkali na kushuka zaidi. Kijivu kikaisha. Ikatokea nyeupe, na chini ya nyeupe ikatokea buluu nzito, ngumu. Twaibu akasimamisha mkono.

Buluu ile aliichanganya mwenyewe. Miaka miwili kabla ya vita, jirani yake Jérôme alinunua pikapu lililochakaa, na rangi ya magari haikupatikana mjini. Wawili hao wakapata mabaki ya rangi ya mabehewa, wakatia nyeusi kidogo, wakalipaka kwa brashi uani kwa Jérôme huku mke wake, Léontine, akiwaletea chai na kuwacheka. Kindu nzima hapakuwa na gari lingine la rangi ile.

Kisha waasi wakaushika mji. Treni zikasimama, chumvi ikawa shida, lakini Jérôme aliendelea kwenda njia ya Punia kutafuta mihogo na mchele. Siku moja hakurudi. Siku ya nne, askari watatu waliingia garajini kwa Twaibu na pikapu lile, wakamwamuru alibadilishe rangi kabla jua halijatua. Kiti cha dereva kilikuwa kimelowa damu iliyoanza kukauka. Sakafuni kulikuwa na kiatu kimoja cha plastiki, na Twaibu alikijua. Askari mmoja alimwambia, bila hata kupandisha sauti, kwamba akitoa neno watakuja kuwachukua watoto wake. Twaibu alikiosha kiti kwa ndoo baada ya ndoo. Akapaka nyeupe, juu yake kijivu. Walipoondoka alikwenda kukitupa kiatu katika mto Lualaba.

Léontine, ambaye mtaani wanamwita Mama Ange kwa jina la binti yake, alimtafuta mumewe kila mahali. Mmoja alimwambia kwamba Jérôme ameonekana Obokote. Mwingine akamwambia amechukuliwa kubeba mizigo msituni, na wengine waliochukuliwa hivyo walikuwa wamerudi. Basi akangoja. Ndugu walipotaka kuweka matanga alikataa, akasema hamlilii mtu ambaye pengine yuko hai. Wanaume wawili walileta posa, akawarudisha. Vita vikaisha, watoto wakakua, naye bado anangoja.

Twaibu hakuacha kumtembelea. Kila Noeli alikwenda kumsalimia, akapewa chakula, akala. Mwanzoni alinyamaza kwa kuwaogopa askari. Askari walipoondoka, aliogopa kuulizwa kwa nini alikuwa amenyamaza, na kila mwaka ulioongezeka ulilifanya jibu kuwa gumu zaidi.

Sasa alikaa chini mbele ya mlango ule. Kuufunika kulikuwa rahisi: mastiki kidogo ya kuzibia, kijivu kidogo, verni, na Ijumaa gari lingekwenda zake. Aliichanganya mastiki juu ya kipande cha ubao. Ikakauka ubaoni bila yeye kuiweka popote. Akanawa mikono, akaenda kumwita Léontine.

Alimkuta anatwanga sombe, majani ya mihogo. Alimwomba tu aje kuona kitu, na njiani hakuweza kumweleza. Léontine aliinama mbele ya mlango, akapitisha kidole juu ya kile kipande cha buluu.

“Hii njo buluu yetu,” alisema.

“Njo yenyewe, Mama Ange.”

Hapo Twaibu akamwambia yote, akiwa amesimama, macho chini: askari, kiti, ndoo za maji, kiatu.

“Damu ilikuwa mingi?” Léontine aliuliza mwishoni.

“Ilikuwa mingi.”

“Basi alikufa mule mule.”

“Ninawaza vile.”

Akajifuta mikono kwenye kitenge ingawa ilikuwa mikavu. “Miaka yote hii ulikuwa unakula Noeli kwangu.”

“Nilikuwa na woga, shemeji.”

“Hata mimi nilikuwa na woga. Lakini mimi nilikuwa nangojea muntu.” Kisha akauliza kiatu kilikuwa cha mguu gani. Twaibu alijaribu kukumbuka, akashindwa, na hilo ndilo lililomfanya Léontine alie.

Rodrigue alipokuja na kuelezwa, alishtuka. Yeye alilinunua gari Kisangani kwa mtu aliyelinunua kwa mwingine, na karatasi zake zilikuwa sawa. Léontine hakulidai. Aliomba kitu kimoja, mlango usifungwe kwa rangi mpaka watoto wake wauone. Rodrigue alinung'unika kwa ajili ya mnunuzi wake, lakini akakubali mpaka Alhamisi. Ange alikuja na mdogo wake Joël. Joël hakumjua baba yake. Alipigapiga mlango kwa kiganja, taratibu, akatoka nje. Ange alipiga picha kwa simu, tatu au nne, za kipande cha rangi kisichozidi kiganja.

Walipoondoka, Twaibu aliumaliza mlango. Alipuliza verni nzito mno, ikachuruzika, na hakuirudia. Mnunuzi wa Punia hata hakuitazama. Alifungua kapo, akasikiliza injini, akaondoka na gari.

Jumamosi viti vilipangwa uani kwa Léontine na matanga yakaanza, bila maiti na bila kaburi. Watu wa parokia walikuja, na majirani Waislamu pia. Twaibu alivaa kanzu safi, akaenda. Ange alimpokea kwenye lango, akamwamkia kwa heshima kama alivyofundishwa tangu utoto, kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama ameomba asiingie.

Twaibu aliitika. Alirudi garajini, akakaa juu ya debe la rangi, na nyimbo za maombolezo zilimfikia pale mpaka jioni.