Mikono Ilikuwa Kazini

Katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu kulikuwa na mashine moja ya kunyoosha mashuka na wanawake wawili wa kuihudumia. Mimi nilivaa aproni ya bluu kwa sababu nilikuwa mtumishi wa serikali. Mwenzangu alivaa ya kijani, ya kampuni iliyopewa tenda ya usafi. Yeye alisimama mbele na kulisha shuka bichi katikati ya magogo mawili ya chuma yenye moto. Mimi nilisimama upande wa pili, nikilipokea likiwa kavu na kulikunja. Mwenzangu huyo tulimwita Chapuchapu. Nikizubaa kidogo tu, mashuka yananirundikia miguuni, naye anapaza sauti, "Dada, amka! Wagonjwa wanalalia magodoro matupu!"

Kazi ilikuwa moja, lakini aproni zilitutenga. Nikiugua, nilikaa nyumbani na mshahara ukaingia kama kawaida. Yeye akiugua, siku ile inakatwa. Mimi nilipojifungua kitinda mimba wangu nilipumzika mpaka mtoto akajua kucheka. Yeye alirudi kwenye mashine kitovu cha mwanawe ndiyo kwanza kimedondoka. Jambo moja tu lilitufanya sawa. Mlangoni palibandikwa tangazo la Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, nami nilimsomea, kidole juu ya kila neno kama nilivyofundishwa darasa la jioni la watu wazima: anayeumia akiwa kazini atalipwa fidia, awe mtumishi wa serikali au wa kampuni.

"Kumbe na mimi ni mtu," Chapuchapu alisema, akaendelea kulisha mashuka.

Kila siku saa sita tuliomba. Desturi hiyo niliianzisha mimi. Mapumziko hatukuwa nayo, kwa maana msimamizi wa kampuni alikataza mashine kusimama kabla ya saa nane. Basi midomo iliomba na mikono ikaendelea. Tuliwaombea wagonjwa ambao tungewatandikia, na watoto wetu, na miguu yetu iliyovimba.

Jumanne moja, tukiwa tunafikia mwisho wa maombi, nilisikia ukelele. Wiki tatu kabla ya hapo msimamizi alikuwa amefungua chuma cha kinga kilichozuia vidole visifike kwenye magogo, akisema kinachelewesha mashuka. Mkono wa kulia wa Chapuchapu uliingia pamoja na shuka. Nilizima mashine. Mengine siyaandiki. Alikaa wodini wiki tano, akilalia mashuka yaliyopita mikononi mwangu, na alipotoka vidole vinne vilikuwa vimeshikana na havikunjuki.

Ombi lake la fidia likarudi. Lilikuwa karatasi moja yenye mstari mmoja wa maana: "Limekataliwa. Mhusika aliacha kazi kwa muda ili kusali." Chini yake palitajwa aliyetoa taarifa hiyo: msimamizi, ambaye siku ile alikuwa ofisini kwake akinywa chai.

Niliumia kuliko nilivyoweza kusema. Bila fidia ya kila mwezi, mwenzangu angebaki na mkono mmoja, watoto watatu, na mume anayeokota vibarua. Na maombi yale, nimesema, yalikuwa yangu. Nilimwambia Mungu, "Kama nimemponza, niambie." Kisha nikakumbuka kwamba mkono wake ulikuwa umeshika shuka la hospitali, si kitabu cha dua.

Jioni ile nilikwenda kwao. Mumewe alinipokea na kiti na lawama kwa pamoja.

"Shemeji, tumekata rufaa, na wewe ndiye shahidi pekee. Kaseme tu kwamba hapakuwa na maombi. Au sema macho yake yalikuwa wazi kodo."

"Siwezi, shemeji."

"Huwezi? Mtu akiombwa neno moja?"

"Mimi mwenyewe nilikuwa nimefumba. Nitasemaje nilimwona?"

"Dini hii itatuua," alisema, akatoka nje.

Chapuchapu alikuwa akimnyonyesha mwanawe mdogo, amempakata kwa mkono wa kushoto. "Mwache," alisema. "Hasira zake ni za njaa. Lakini dada, usiongope kwa ajili yangu hata kidogo. Nikilipwa kwa uongo, watakuja kuninyang'anya nikiwa nimeshazoea."

"Sitasema uongo. Lakini sitanyamaza."

"Basi nenda. Ukitetemeka, tetemeka huku unaandika."

Msimamizi sijui aliambiwa na nani. Asubuhi alinisubiri mlangoni.

"Mama, umebakiza miezi saba ustaafu. Pensheni yako iko salama. Hii vita si yako, hata aproni hazifanani."

"Mashine ilikuwa moja, bosi."

"Mimi nakushauri tu."

"Nimekusikia. Nimeomba ruhusa kwa mkuu wangu, nitarudi saa nane."

Ofisi ya Mfuko ilikuwa na madirisha mawili. Juu ya la kwanza waliandika Watumishi wa Serikali, juu ya la pili Sekta Binafsi. Nilipanga foleni kwenye la pili. Nilipofika, dada wa dirishani alitazama kitambulisho changu na kunirudishia.

"Wewe ni wa dirisha lile pale."

"Sijaja kwa ajili yangu. Nimeleta ushahidi wa rufaa ya mwenzangu."

"Shahidi anatakiwa awe mfanyakazi mwenzake. Wewe mwajiri wako ni mwingine."

"Mwanangu, nimefanya naye kazi miaka tisa. Nalijua hata kohozi lake. Kama mimi si mwenzake, mwenzake ni nani?"

Watu nyuma yangu wakacheka. Yeye hakucheka, lakini alinisukumia fomu. Nafasi ya maelezo ilikuwa mistari minne. Niliijaza, nikageuza karatasi, nikaendelea upande wa nyuma.

"Mama, nyuma hakuandikwi. Hakuna anayesoma huko."

"Basi nitawasomea mimi."

Nikasoma pale pale, polepole, kwa sauti ya mtu aliyejifunza ukubwani. Nilisoma kwamba tulikuwa tukiomba na kwamba macho ya mwenzangu sikuyaona. Nilisoma tarehe ambayo kinga ilifunguliwa na jina la aliyeamuru. Nilisoma kwamba tulipokuwa tukiomba mashine haikusimama hata mara moja. Mzee mmoja kwenye foleni alisema, "Mgongee muhuri huyo, binti, la sivyo ataanza upya." Dada wa dirishani alisoma nyuma ya karatasi kwa macho yake mwenyewe mpaka mwisho. Kisha akagonga muhuri wa kupokea, mbele na nyuma.

Siku tisa baadaye alikuja mkaguzi wa Mfuko, mtu mwembamba mwenye mkoba wa turubai. Chapuchapu aliitwa, akaja na mkono wake umefungwa kitambaa. Msimamizi alikuwepo, shati limepigwa pasi.

"Kinga hii hapa," alisema, akigonga chuma. "Haijawahi kutoka."

Mkaguzi aliinama. Chuma kilikuwa kimeshika kutu, na boliti zake zinang'aa mpya. Akaandika.

Akamgeukia Chapuchapu. "Macho yako yalikuwa wazi au umefumba?"

Mumewe, aliyesimama mlangoni, alimtazama kwa kumsihi.

"Nilifumba," Chapuchapu alisema. "Kidogo tu, mwishoni. Nilikuwa nazungumza na Mungu, si na shuka. Shuka nalijua hata usingizini."

"Umesikia mwenyewe!" msimamizi akadakia. "Amekiri! Mtu anayesali hafanyi kazi. Haiwezekani kufanya vyote viwili."

"Inawezekana," nilisema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Washa mashine."

"Nani akuwashie? Wewe si wa upande huu."

"Washa," mkaguzi alisema.

Magogo yakaanza kuzunguka. Nilisimama mahali pa Chapuchapu, nyuma ya kinga, nikachukua shuka bichi, nikalilisha. Nikafungua kinywa nikaomba kwa sauti. Nilimwomba Mungu amponye mwenzangu. Nikawaombea wa wodi ya watoto, na wa wodi ya akina mama, na mkaguzi na safari yake ya kurudi. Nikamwombea msimamizi kwa cheo chake. Mashuka yalipita moja baada ya jingine, yakatokea upande wa pili yamenyooka, na Chapuchapu akaanza kuyapokea kwa mkono mmoja na kuyaweka begani.

"Inatosha, mama," mkaguzi alisema.

"Bado sijasema amina."

Akangoja. Nililisha mashuka mengine sita, nikasema amina, mwenzangu akaitikia, nikazima mashine.

Mkaguzi alinyanyua shuka la juu, akalitazama pindo kwa pindo. Kisha akamwambia msimamizi, "Fomu yangu haina mahali pa macho. Inauliza mtu alikuwa wapi, na alikuwa akifanya nini." Akaandika, akanipa nisome kabla ya kutia sahihi. Palikuwa na neno moja gumu, nikalirudia mpaka nikalishika. Iliandikwa kwamba ajali ilitokea kwenye kituo cha kazi, mashine ikiwaka, mhusika akiihudumia bila kinga. Kwenye nafasi ya uhusiano wangu na mhusika nikajaza mwenyewe: "Mfanyakazi mwenzake." Nikatia sahihi jina zima, sikufupisha.

Rufaa ilikubaliwa mwezi uliofuata. Chapuchapu analipwa kila mwezi, na mumewe amekuja kwangu na sukari na maneno machache ya kuomba radhi.

Msimamizi naye alibandika tangazo lake ukutani: "Ni marufuku kusali mashine ikiwa inafanya kazi." Mwanamke mpya wa aproni ya kijani aliniuliza limeandikwa nini, nikamsomea. Akanyong'onyea.

"Sasa tutafanyaje, mama?"

Nilitazama saa. Ilikuwa saa sita kamili, na kikapu cha mashuka bado kimejaa.

"Tutatii," nilisema, nikaizima mashine.

Kilikuwa kimya ambacho chumba kile hakijawahi kukisikia mchana. Mlango wa ofisi ukafunguliwa, msimamizi akatoka mbio na kikombe mkononi. Tulikuwa tumeshafumba macho.