Geti la Rebero

"Bado mpo palepale mlipokuwa?" Swafiya aliuliza, na mwanamume wa upande wa pili akasema wapo, ila sasa hawanyoi tena, wanatengeneza simu. Swafiya akafuta neno kinyozi, akaandika fundi simu, akaweka alama ya kijani, kisha akapiga namba iliyofuata.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, katika chumba cha ghorofani huko Kacyiru, kwenye kampuni ndogo iliyoitwa Hapahapa. Mtu akitafuta famasi, fundi bomba au ukumbi wa harusi, anaandika kwenye simu yake, na Hapahapa inamwonyesha jina, picha, ramani na nyota walizotoa wateja waliotangulia. Swafiya alipiga simu kuhakikisha kwamba vilivyoandikwa bado ni kweli. Aliifanya kazi hiyo polepole, bila kuruka namba.

Mwenye kampuni, Shyaka, alikulia Kampala na kurudi na wazazi wake. Aliamini kwamba tangazo lisilo na ramani na picha ya geti halijawa tangazo. Mwanzoni kabisa alikuwa akizunguka mwenyewe na gari lake kila Jumapili, akipiga picha. Katika picha hizo kulikuwa na geti la bati la kijani huko Rebero. Nyuma ya geti hilo ilikuwapo nyumba waliyokaa wanawake waliokimbia vipigo, mpaka wapate pa kwenda. Msimamizi wa nyumba, mama mmoja aitwaye Peace, alikuwa ameipa Hapahapa namba ya simu na saa za kupokea simu, basi. Shyaka aliona tangazo limepungukiwa, akalikamilisha. Aliliweka kwenye kundi la Malazi, katikati ya gesti mbili.

Peace alikuja ofisini kulalamika.

"Madamu, mtu mwenye shida atafikaje bila ramani?" Shyaka alimuuliza.

"Anapiga simu, tunaenda kumchukua."

"Na asiyekuwa na shida?"

"Huyo ndiye ninayemwogopa, bwana Shyaka."

Shyaka alicheka kwa upole, akamwagizia chai. Ramani ilibaki.

Mwezi wa nne, wakati wa mvua, mwanamke mmoja wa nyumba ile, Pretty, alipiga simu kwenye namba ya Hapahapa, na Swafiya ndiye aliyepokea. Pretty aliongea kwa sauti ya chini. Alisema mume wake amesimama nje. Anaangalia simu, halafu anaangalia geti, halafu simu tena.

"Dada, ile picha iko kwenu. Mnaweza kuitoa?"

Swafiya hakuwa na ruhusa ya kutoa picha. Aliwaita polisi kwanza, kisha akaandika ripoti: Ondoa picha na ramani, tafadhali, haraka, ameomba Pretty wa Rebero. Ripoti ilimfikia Shyaka akiwa kikaoni. Kulikuwa na vitufe viwili, Kubali na Kusubiri, naye akabonyeza Kusubiri. Polisi walipofika barabara ilikuwa tupu. Kesho yake asubuhi Pretty alitoka kwenda kuchukua dawa, akaangukia pale getini, na hakuinuka. Mume wake, Bertrand, alieleza kwamba alijikwaa. Hakuna mwingine aliyekuwa amesimama karibu. Faili likafunguliwa, na linashughulikiwa hadi leo.

Chini ya tangazo, Bertrand alikuwa ameshaacha maoni yake: Nilifika, hawakunifungulia. Huduma mbaya. Nyota moja. Maoni hayo hayakuvunja sheria yoyote ya Hapahapa, kwa hiyo yalibaki.

Baada ya mazishi geti liliondoka Rebero. Jumatatu asubuhi lilikuwa nyumbani kwa Shyaka, Kimihurura, limekaa sawasawa kwenye bawaba zake, pamoja na alama ya kiatu sehemu ya chini ambapo Bertrand aliwahi kulipiga teke. Geti la Shyaka, jeusi, lile la kusukuma, lilikuwa limeegemezwa ndani ya ua, kwenye ukuta. Sibomana, zamu aliyelinda nyumba hiyo, alilifungua la kijani kama alivyolifungua jeusi siku zote, na gari likatoka.

"Hili geti limetoka wapi?" Shyaka aliuliza kupitia dirisha la gari.

"Nimeamka, bosi, nimelikuta iko hapa. Bawaba zake zinalia kidogo."

Shyaka aliita mafundi wa kuchomelea kutoka Gisozi. Wakalikata, wakalipakia kwenye lori, wakalipeleka Rebero. Huko hawakuona pa kuliweka. Ukuta ulikuwa umejifunga, matofali yameshikana, na ukoka umeshaota chini yake. Fundi mkubwa alipima kwa futi yake, akakuna kidevu, akasema hapa hapajawahi kuwa na mlango. Walilirudisha. Kufika Kimihurura wakakuta bawaba zinangoja.

Siku chache baadaye wanaume walianza kuja. Walikuja jioni wakitoka kazini, simu mkononi, wakifuata ramani. Ramani kwenye tangazo ilikuwa ileile, Rebero, lakini yeyote aliyeifuata alijikuta Kimihurura mbele ya geti la kijani, na picha ikimthibitishia kwamba amefika. Waligonga, na Sibomana akawafungulia.

"Namtaka mke wangu."

"Mke wako hayuko huku, mwana. Huku iko bosi tu."

"Basi niitie bosi."

Shyaka alijaribu kuwaeleza kwamba si hapa. Walimwonyesha tangazo la kampuni yake mwenyewe, lenye alama ya kijani ya kuthibitishwa. Wengine walikaa sebuleni mpaka usiku uingie, wakimtazama. Mmoja alikagua vyumba vyote na kuangalia chini ya vitanda. Bertrand naye alikuja. Alitaka kitambulisho cha Pretty, alisema anakihitaji kwa mambo ya ofisini. Alikaa kwenye kochi jekundu, akapewa Fanta, akainywa taratibu, na kwa kuwa hakupewa kitambulisho, kesho yake alirudi. Kuanzia hapo alikuja kila jioni. Alizoea kochi. Aliuliza kama hakuna Fanta ya baridi zaidi. Maoni mapya yalionekana chini ya tangazo: Mwenye nyumba ana hasira, hakuna chai, nyota mbili.

Shyaka aliwaita polisi. Wakamwambia kwa heshima kwamba watu hao hawajavunja mlango, wamefunguliwa, tena wamealikwa na tangazo.

Wanawake hawakuliona geti hilo kama wanaume walivyoliona. Mwanamke akilipita hapo Kimihurura alitokea Rebero, kwenye ua wa nyumba ya Peace, kati ya kamba za nguo. Wa kwanza kulijua hilo alikuwa Kirezi, mke wa Shyaka. Alishuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, akitoka benki anakofanya kazi, akamsalimu Sibomana, akapita, akajikuta amesimama mbele ya mashuka yaliyoanikwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua mchele alimwambia akae, Peace anakuja.

Peace alimsindikiza mpaka barabarani, kwa mlango mdogo wa nyuma unaopitia kwa jirani, akamwitia moto nyingine. Kirezi alirudi nyumbani, akapita getini, akatokea tena kwenye mashuka. Siku hiyo ilibidi Shyaka amsaidie kuruka ukuta. Ikawa desturi. Kila jioni Kirezi aliruka ukuta na viatu mkononi, na Sibomana alimshikia ngazi akiangalia pembeni.

Peace alianza kuja Kimihurura kila Jumamosi na kopo la mafuta. Alipaka bawaba, akafuta alama ya kiatu kwa kitambaa, ingawa haikufutika.

"Madamu, hilo geti sasa ni letu," Sibomana alimtania. "Mngelipa kodi ya ukuta."

"Ni letu, Sibo. Liko safarini tu."

Halafu alipita getini na kurudi kwake. Kwa njia hiyo aliokoa nauli ya moto.

Shyaka alimwona siku moja, akamfuata kwa haraka, lakini yeye alitokea kwenye ua wake mwenyewe, mahali ambapo Bertrand alikuwa ameshafika na kuketi.

Jioni moja Kirezi hakutaka kuruka ukuta. Alipita getini akiwa na begi dogo. Peace alikuwa anakunja nguo. Alimtazama mkono wake, pale ambapo shati lilikuwa limefungwa kifungo cha mkononi ingawa kulikuwa na joto, na hakumuuliza chochote kuhusu mkono.

"Leo unapita, au umekuja?"

"Leo nimekuja," Kirezi alisema.

Wakampa kitanda alichokuwa akilalia Pretty, kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi.

Shyaka alingoja siku ya kwanza. Siku ya pili alipiga namba iliyo kwenye tangazo. Peace alipokea, akasema maneno anayomwambia kila mtu, kwamba nyumba hii haisemi nani yuko na nani hayuko, na kwamba kama yeye mwenyewe ana shida anaweza kuieleza, atasikilizwa.

"Mimi ni Shyaka."

"Nimekusikia. Una shida?"

Alikata simu.

Alikwenda Rebero na gari. Alizunguka ukuta mzima akiugusa kwa kiganja. Ndani kulikuwa na wanawake wakicheka, na kicheko kimoja alikijua, ingawa ilikuwa muda mrefu tangu akisikie. Alitafuta mlango mdogo wa jirani, na jirani akamwonyesha banda la kuku. Mwishoni aliingia kwenye gari, akafungua Hapahapa, akalitafuta tangazo alilolikamilisha kwa mkono wake, akabonyeza Nipeleke. Sauti ya simu ilimwongoza kwa utulivu, kulia, kushoto, kupanda, kushuka, mpaka ikamwambia umefika. Sibomana alimfungulia geti.

"Karibu, bosi," Sibomana alisema. "Bertrand iko ndani. Ameuliza kama umeleta Fanta."

Kesho yake Shyaka alisimama kwenye meza ya Swafiya. Alikuwa hajanyoa ndevu.

"Lile tangazo la Rebero," alisema. "Anwani yake si sahihi."

"Kuna mtu ameripoti?"

"Mimi naripoti. Sisi ni kampuni ya anwani sahihi, Swafiya. Mtu anafuata ramani anafika kwingine, hiyo ni aibu. Nataka mlango wa kweli. Nataka leo."

"Tuma ripoti, bosi. Ikishaingia nitaishughulikia."

"Si nimekuambia kwa mdomo?"

"Kwa mdomo siwezi. Wewe ndiye uliyekataza."

Alikwenda kwenye chumba chake, na baada ya muda ripoti ikaingia: Anwani si sahihi. Tafuteni mlango unaotumika. Haraka. Swafiya aliisoma kwa makini. Kisha akaibonyeza ili aifungue, na mfumo ukamjibu kwa maandishi mekundu kwamba mahali hapa pana ripoti ya zamani ambayo haijafungwa. Hakushangaa. Mfumo haukubali kufungua ripoti mpya mpaka ile ya kabla yake ipate jibu, na Shyaka ndiye aliyeuagiza hivyo, ili wafanyakazi wasiruke kazi ngumu.

Alimpelekea kompyuta chumbani mwake, akaiweka mbele yake.

Ondoa picha na ramani, tafadhali, haraka, ameomba Pretty wa Rebero. Kubali. Kusubiri.

"Ukikubali, hii inafungwa, yako inafunguka," Swafiya alisema. "Lakini ukikubali, mahali panafutika. Ramani, picha, mlango, vyote. Inabaki namba ya simu na saa zao. Na sitakuwa na anwani ya kurekebisha."

"Na nisipokubali?"

"Linabaki hivi."

Nje, mtu alikuwa anapiga honi bila kuacha. Shyaka alikitazama kidole chake kilichokuwa juu ya meza.

"Wewe unaona nifanye nini, sha?"

"Mimi nilishaona, bosi. Niliandika. Ni hiyo iko hapo."

Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyowaulizia vinyozi kama bado wapo palepale. Shyaka aliinua kidole, akakiweka juu ya Kubali, akakaa hivyo kwa muda mrefu, kisha akakisogeza na kubonyeza Kusubiri.

"Nitafikiria," alisema.

"Nta kibazo, bosi, hakuna shida. Tuna muda."

Swafiya alirudi kwenye meza yake na kompyuta. Tangazo lilikuwa bado kwenye kundi la Malazi, katikati ya gesti mbili, na nyota zake na picha ya geti la kijani. Wiki hiyo kulikuwa na matangazo mengine mawili mapya, moja la nyumba ya watoto waliotupwa na moja la wasichana waliobakwa. Yote mawili yalikuwa yametumwa yakiwa na namba ya simu tu. Shyaka alikuwa ameshayarudisha yakiwa na maandishi yake ya kawaida: Ongeza ramani. Ongeza picha ya geti.

Swafiya aliyaweka pembeni, chini kabisa ya foleni, nyuma ya vinyozi wote wa Kacyiru, ambao alikuwa bado hajamaliza hata nusu yao. Alipiga namba moja zaidi. Iliita, iliita, haikupokelewa. Akaandika pembeni yake kwamba ajaribu tena kesho, akazima kompyuta, akachukua mtandio wake, na kushuka ngazi. Barabarani aliwapita wanaume wawili waliokuwa wakibishana juu ya simu moja, wakitafuta njia ya kwenda Rebero.

"Fuateni ramani tu," aliwaambia. "Itawafikisha."