Kura ya Kuiondoa Maktaba ya Kaka

Kaka yake alikuwa jikoni anakwangua sufuria, ameupa mlango mgongo, na dada mtu akajua kwamba habari zimeshamfikia.

"Mmenipigia kura nitoke," kaka akasema.

"Si wewe, kaka. Ni maktaba."

"Maktaba ni mimi, mdogo wangu."

Na kweli ilikuwa hivyo. Programu yao ya kompyuta ni huria, ya bure, zahanati zinaitumia kutunza kumbukumbu za wagonjwa, na yeye ndiye msimamizi wa wanaoiandika kwa kujitolea. Lakini kile kipande kinachohifadhi data zisipotee hata umeme ukikatika, ambacho wenyewe wanakiita maktaba, alikiandika kaka peke yake. Kilibeba mzigo wote bila kulalamika. Waliolalamika ni watu. Watu bwana! Hata sura hawamjui, lakini kila kasoro walimfokea kana kwamba wamemwajiri, mpaka akasusa, akaacha kujibu. Na maktaba isiyo na mwenyewe, hata iwe nzuri vipi, nani ataitegemea?

Dada na wenzake wakajaribu maktaba nyingine tatu, wakizichomolea umeme katikati ya kuandika. Mbili zilipoteza data. Ya tatu ilipona, ingawa ni nzito, na haikuishinda ya kaka kwa lolote ila moja: ukituma ujumbe, mtu anajibu. Ndiyo wakaipigia kura.

"Ungejibu hata ujumbe mmoja," dada alisema.

"Na wewe ungenitetea hata mara moja."

Neno hilo lilimchoma. Matusi yote aliyasoma, akanyamaza, asije akaonekana anambeba ndugu yake.

Na bado alikuwa na ombi, aliona aibu hata kulitamka. Data za zahanati zilipangwa kwa namna ambayo kaka pekee ndiye aliyeielewa. Bila yeye hazihamishiki kwenda maktaba mpya. Akalitamka hivyo hivyo.

"Yaani nijifungashie virago mwenyewe," kaka akasema, akafuta mikono.

Alijifungia chumbani, akaandika programu ndogo ya kuzihamisha, safi, haina doa. Ilipotolewa tu, ujumbe ukamiminika. Wale wale waliomfokea sasa wakamwita fundi, mkarimu, Mungu akubariki. Hajawahi kushukuriwa hivyo tangu aanze.

Dada alimsomea ujumbe mmoja baada ya mwingine, akidhani anamfariji. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe walikuwa wanajua kusema asante," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.