Mteremko Uliomchukua Nderitu

Tangu Nderitu aanguke na mzigo wake wa viazi kwenye kona ya mteremko wa Menengai, baiskeli yake ilibaki imeegemezwa nyuma ya zizi. Watu wa boma waliipita kama wanaopita kaburi.

Asubuhi ambayo mjane wake, Wariara, aliitoa na kufunga mikebe ya maziwa kwenye keria, shemeji yake Kabiru alisimama langoni akaziba njia.

"Hii chuma ilituulia mtu, shemeji. Iuzwe."

"Si hii. Raba za breki zilikuwa zimekwisha. Nilimwambia, akasema atashuka hivyo hivyo." Wariara alifinya breki zote mbili mbele ya macho yake, raba mpya, waya mpya. "Sasa nipishe. Maziwa hayangoji."

Kabiru akampisha shingo upande.

Mteremko ulipoanza, Wariara alirudi nyuma kwenye kiti, uzito usimrushe mbele. Hakuning'inia kwenye breki. Alifinya zote mbili, akaachilia, akafinya tena, rimu zipate kupumua. Vijana wa bodaboda wakampita wakicheka.

"Mathe, achilia iende! Utafika kesho!"

"Kesho ni sawa, bora nifike!"

Katikati ya mlima alisimama kando ya barabara. Akagusa rimu, ikamchoma kidole. Akaketi kwenye nyasi, akangoja ipoe. Hapo ndipo Kabiru alipomfikia na pikipiki.

"Lete mikebe nikubebee. Kona ndiyo ile."

Wariara alikuwa ameiona. Akagusa rimu tena, ilikuwa imepoa, akapanda.

"Naijua. Leo nitaipita, na kesho nitaipita tena."

Alipunguza mwendo mapema, barabara ikiwa bado imenyooka, hata alipoingia kwenye kona alikuwa akienda pole kama mtu anayetembea. Lori likamjia nyuma likipiga honi kwa hasira. Hakugeuka wala hakuharakisha. Mara honi ikakatika, akasikia sauti ya Kabiru, ambaye alikuwa ameziba barabara kwa pikipiki yake, akimfokea dereva:

"Tulia, boss! Huoni shemeji yangu anashuka?"

Wariara alitoka kwenye kona machozi yakimtiririka, mji wote wa Nakuru umetandazwa chini yake. Hakuachia usukani kuyafuta. Akafinya, akaachilia, akaendelea kushuka.