Maoni Thelathini na Matatu

Chumba cha nguo cha hospitali kilikuwa na mashine mbili za kushonea, na moja ilikuwa imefunikwa shuka tangu mmoja wa mafundi wawili alipostaafu. Waliambiwa ataletwa mtu mwingine. Hakuletwa. Basi yule aliyebaki, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye mkono mwepesi na maneno machache, akawa anashona peke yake: anatia viraka mashuka, anarudishia kamba gauni za wagonjwa, anapinda mapazia. Wauguzi waliingia, wakabeba marundo yao, wakasema, "Asante fundi," wakatoka. Kuna siku alijaribu kukumbuka alichosema tangu asubuhi, akakuta ni "karibu" na "bado hayajakauka" basi.

Nyumbani nako hakukuwa na wa kumsubiri. Kaka yake na wifi yake waliishi mbali. Kila Jumapili mchana walimpigia simu, wakamuuliza afya, akawaambia ni nzima, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ila saa ya chakula alikuwa mtu mwingine kabisa. Alirudishia mlango, akaketi juu ya mablanketi yaliyokunjwa, akatoa simu, akageuka kuwa Uzi Mweusi. Hilo ndilo jina alilojipa katika kundi la mtandaoni la mashabiki wa tamthilia moja ya televisheni. Tamthilia yenyewe ilihusu mkaguzi wa tiketi za treni na mjane aliyepanda treni hiyo kila Alhamisi bila kusema anakwenda wapi. Ilikatizwa ghafla, mjane akiwa bado njiani, na mashabiki wakakataa kumwacha humo. Wakaanza kuandika wenyewe yaliyofuata, kila mtu kwa namna yake. Uzi Mweusi alikuwa amefikisha sura thelathini na tatu, na wafuasi zaidi ya mia mbili.

Wengi wao waliandika yale yale. Nzuri sana dada. Endelea. Umeniliza leo. Fundi aliyasoma yote, na yalimpa joto. Lakini kulikuwa na msomaji mmoja aliyejiita Kipimo, ambaye hakukosa sura hata moja, na maoni yake yalikuwa marefu. Kipimo aliona vitu. Katika sura ya tisa, mjane alipolishona koti la mkaguzi, Kipimo aliandika kwamba ameupenda ule mshono wa ndani, maana mtu anayeshona vile hataki kuonekana kuwa ameshona. Fundi aliyasoma maneno yale mara tano, kisha akashindwa kula.

Sura ya thelathini na tatu ilipotoka, Kipimo aliandika hivi: "Uzi, mjane wako siku hizi hazungumzi, anahutubia. Zamani akinyamaza nilikuwa najua anachofikiria. Sasa anaeleza kila kitu na simjui tena. Nadhani umeanza kuwaandikia wanaokupigia makofi. Nisamehe kama nimekosea."

Roho ilimuuma fundi kama aliyechomwa sindano chini ya ukucha. Siku nzima alishona vibaya. Kanuni ya kundi iliandikwa juu kabisa, mahali ambapo kila mtu anaiona: msomaji aseme kwa adabu, mwandishi apokee kwa adabu, na asiyeweza kupokea anyamaze. Yeye hakunyamaza. Aliyanakili maneno ya Kipimo, akayabandika kwenye ukurasa wa mbele, na chini yake akaandika: "Jamani, tumepata profesa. Asiyejua kuandika hata mstari mmoja amekuja kutufundisha."

Wafuasi wake hawakungoja kuombwa. Mmoja alimwita Kipimo mchawi, mwingine akamwambia akapime unga dukani. Waliandika mchana kutwa, wakichekeana wenyewe kwa wenyewe, na fundi alisoma akitabasamu, kichwa kimevimba. Msimamizi wa kundi alimtumia ujumbe wa faragha, akamwomba aliondoe andiko lile kwa sababu mtu yule hakutukana wala hakudhihaki. Fundi alijibu kwamba kila mtu ana uhuru wa kusema. Siku mbili baadaye msimamizi aliliondoa mwenyewe.

Kwa muda wa wiki moja Uzi Mweusi alijiona mshindi. Aliandika sura nyingine mbili haraka haraka, na mjane akahutubia kuliko mwanzo. Sifa zikamiminika. Kipimo hakusema kitu.

Kisha lilitokea jambo dogo. Fundi alikusudia kupandisha sura ya thelathini na sita, lakini alikuwa na haraka, muuguzi anagonga mlango, akabonyeza mahali pasipo. Sura iliyopanda ilikuwa ile ya thelathini na tano, neno kwa neno, ambayo kila mtu alikwisha kuisoma siku nne kabla. Aligundua jioni aliporudi nyumbani, akashika simu kwa aibu ili aombe radhi. Maoni yalikuwa kumi na tisa. Leo umetisha, dada. Kila siku unapanda juu. Nimelia tena. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba ameipata hadithi ileile.

Alikaa kitandani na viatu vyake miguuni. Kumbe alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka, tena kichwa alikiinamisha mwenyewe kivikwe vizuri. Akarudi kwenye sura za zamani kumtafuta Kipimo. Sura ya kwanza, chini kabisa, palikuwa na mstari wa kijivu: maoni haya yamefutwa na aliyeyaandika. Sura ya pili hivyo hivyo. Alikwenda mpaka ya thelathini na tatu, na kila mahali akakuta mstari ule ule. Maneno juu ya mshono wa koti alijaribu kuyakumbuka kama yalivyoandikwa, akapata vipande tu.

Kesho yake, saa ya chakula, aliandika kwenye ukurasa wa mbele. Alisema kwamba Kipimo alimwambia ukweli kwa adabu, na yeye akamlipa kwa kumdhalilisha mbele ya watu, na kosa ni lake yeye aliyewafungulia wengine mlango. Wafuasi kadhaa walimwambia asijishushe.  Yeye akamwomba msimamizi amfikishie Kipimo maneno hayo kama kuna njia.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Alikuwa kwenye mashine, pazia la wodi limemjaa mapajani.

"Habari dada," ujumbe ulisema. "Kipimo ni mama yangu. Haoni vizuri na hatoki kitandani, kwa hiyo mimi nilikuwa namsomea hadithi yako, yeye anasema, mimi naandika. Siku ile nilifungua ukurasa nikidhani umemjibu. Alifurahi, akaniambia nimsomee. Nilikuwa nimeshaanza kusoma kwa sauti kabla sijajua ninasoma nini. Nikataka kukatiza, akasema niendelee. Nilimsomea yote. Baadaye aliniomba nifute kila alichosema, asimsumbue mtu. Nimemsomea radhi yako. Amesema amekusamehe na usijitese."

Fundi aliusoma ujumbe mara mbili. Akaandika, akafuta, akaandika tena: je, anaweza kumpigia simu mama azungumze naye? Na kama bado wanasoma, tafadhali mama aseme chochote anachokiona, hata kiwe kichungu kiasi gani.

Mtoto wa Kipimo alijibu upesi safari hii. "Kupiga simu hapana, dada, anachoka haraka. Hadithi bado namsomea, akiniomba. Ila akifika mahali akaanza kusema, 'Mwambie yule dada,' ananyamaza mwenyewe. Mimi namngoja, halafu naendelea kusoma."

Mguu wa fundi ulikuwa bado juu ya kanyagio, mashine imesimama. Muuguzi wa wodi ya wazazi aliingia kuuliza mapazia yake, akamtazama usoni, akauliza kuna nini.

"Nimemkosea mtu mzima," fundi alisema.

"Pole. Umemwomba radhi?"

"Nimemwomba."

"Amekubali?"

"Amekubali."

"Basi yameisha," muuguzi alisema kwa upole. Akalichukua pazia lililokuwa tayari, akasema lile la pili atalifuata kesho, akatoka.

Fundi alitaka kumwita arudi, amweleze juu ya treni, mjane na koti, na juu ya mwanamke aliyelala mahali asipopajua, anayeona kila kitu na hasemi. Lakini angeanzia wapi? Alisikia hatua za muuguzi zikififia koridoni. Alihangaika kidogo kulitafuta pindo pale alipoliachia, akalipata, akaanza kushona.