Shati Lililolowa Mgongoni

Mwaka jana mgonjwa alizirai kwenye benchi la zahanati pale Nangara, na nesi Hellen alikuwa amempita mara tatu bila kumwona. Tangu siku hiyo alijipa zoezi. Kila anayeingia alimtazama kwanza, viatu mpaka nywele, akakisia ametoka wapi, ndipo akauliza. Alikosea sana. Mzee mmoja mwenye vumbi jeupe mikononi alimdhania mwalimu, kumbe alitoka kupaka chokaa.

Jumanne moja, saa nane mchana, Domina alimwingiza mumewe Laurian akiwa amemshika kwapani. Laurian alitetemeka, mate yakimtoka, akatapika mlangoni. Domina alisema kwa uchungu kwamba amelewa tena. Tabibu Remigius, aliyemfahamu Laurian kwa pombe, aliagiza awekewe dripu alale.

Hellen hakuondoka pale kitandani. Hakusikia harufu ya pombe. Alisikia harufu kali, kama ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Machozi yalimtiririka Laurian, na mboni zake zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Shati lilikuwa kavu kifuani, mgongoni limelowa chapachapa, na mvua haikuwa imenyesha wiki mbili. Mabegani kulikuwa na alama za mikanda miwili.

"Daktari, huyu hajalewa. Alibeba bomba la kupulizia dawa, na linavuja."

Remigius alimkumbusha kwamba sindano ya kuzuia sumu ya dawa hizo si ya kubahatisha. Makisio yote mabaya ya Hellen yalimjia kwa mkupuo.

"Mmulike macho," alisema.

Remigius alimmulika, akaziona mboni zilivyosinyaa, kisha hakupoteza muda. Walivaa glavu, wakalikata shati, wakamwosha kwa sabuni, wakamchoma ile sindano, atropini, na baada ya dakika chache wakamwongezea. Domina alisimama kando akirudia kwamba mumewe hana bomba, alikwenda tu kufanya kibarua kwenye shamba la mbaazi kule Nakwa.

Hellen aligeuka. Kama bomba si lake, lilibaki kwa nani?

"Domina, nani alikuita shambani?"

"Nehemia, mdogo wake. Alisema nimlete huku, yeye atamalizia mistari iliyobaki."

Walimpigia Nehemia simu mara tatu. Iliita mpaka ikakatika. Hellen alichukua glavu, sabuni na dumu la maji, akapanda bodaboda.

Mbaazi zilikuwa zimempita mtu kimo. Aliita, hakujibiwa. Alijizuia kukimbia ovyo, akayatazama majani. Upande mmoja yalikuwa makavu, upande mwingine yaling'aa kwa dawa. Alifuata mstari uliong'aa hadi pale ung'avu ulipokoma. Nehemia alikuwa amepiga magoti, bomba bado mgongoni, akihangaika na mkanda kwa vidole visivyomtii.

Hellen alimfungua, akamvua shati, akammwagia maji huku mwendesha bodaboda akigeuza pikipiki.

Ndugu hao wawili walipelekwa hospitali kubwa, wakalazwa siku nne. Jioni ya kwanza, Laurian alipoweza kutamka jina la mkewe, Domina alitoka nje akakaa ngazini. Hellen, aliyekuwa amewasindikiza, alimfuata.

"Nesi, njia nzima nilikuwa namtukana," alisema. "Aliniambia haoni vizuri, nikamwambia anyamaze."

Hellen aliketi karibu naye mpaka Domina alipofuta uso na kurudi ndani kwa mumewe.