Eda Iliyokwisha Kabla ya Habari

Siku msafara uliporudi Bagamoyo, bunduki zikilia upande wa kivuko cha Kingani, Kibibi alikuwa amepaka hina. Amekaa ukumbini, viganja vyekundu, nyumba nzima inanukia udi, anamngoja mumewe. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mumewe, Majaliwa, alikuwa fundi wa mashua. Hakuwa mtu wa safari, na Kibibi alimpendea hilo: kila jioni alirudi nyumbani na vumbi la msumeno kwenye nyusi. Lakini Bagamoyo ya miaka ile ilikuwa na ugonjwa wake. Mwanamume asiyefika bara hakuhesabiwa. Waliofika Unyanyembe walikaa barazani wakasimulia, na kila msimulizi mto wake ulikuwa mpana kuliko wa mwenzake, na simba wake ana njaa zaidi. Aliyebaki pwani akifungua kinywa aliulizwa yeye kafika wapi. Akisema Saadani, hapo jirani tu pwani, watu walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Rajabu, rafiki yake Majaliwa tangu chuo cha Kurani, alikuwa mpagazi mzoefu wa njia ya bara, na alizoea kumwita mwenzake "bibi arusi" mbele za watu.

Kisha akaja Mzungu na mashua ya chuma iliyokatwa vipande, ibebwe mabegani mpaka Ziwa Tanganyika, ikaungwe huko kwa parafujo. Mji mzima ulikwenda kuigonga kwa vidole. Watu wakasema mbao zimekwisha kazi, mafundi watafute majembe. Majaliwa alikwenda mara ya kwanza kuidharau. Mara ya pili alikaa kuitazama mpaka adhana ya magharibi. Mara ya tatu akarudi nyumbani ameandikwa, anakwenda kuiunga.

Kibibi aliuliza maswali ya mtu anayepika kila siku. Chombo gani hiki kinachosifiwa kwa kuelea, kinaanza kwa kubebwa? Na watu wa ziwani, hawana mitumbwi? Majaliwa akamjibu kwamba mambo mapya yeye hawezi kuyaelewa. Kisha akaona haya kwa aliyoyasema, akamshika mkono.

"Usihofu. Dunia siku hizi imekuwa ndogo. Unguja wana waya umelala chini ya bahari. Jambo likitokea Ulaya asubuhi, adhuhuri wanalo forodhani. Mimi nikipatwa na neno, utakosaje kujua?"

"Waya huo umefika Ugogo?"

"Utafika."

Akaenda, na Rajabu naye miongoni mwa wapagazi. Kibibi akabaki anasuka mikeka, na kila jahazi lililotoka Unguja lilileta habari za waya: mfalme fulani kaangushwa na farasi, binti wa mfalme mwingine kajifungua mapacha. Wauza samaki walizirudia kana kwamba mapacha hao ni wajukuu zao. Za bara hazikuja.

Siku ile ya bunduki, aliyeingia ukumbini alikuwa Rajabu, peke yake. Aliona hina, akainamisha macho. Alieleza polepole, bila simba hata mmoja. Wapagazi walitoroka kwa kiu kule Ugogo, mizigo ikabaki, fundi naye akabebeshwa kipande cha omo, sehemu ya mbele ya mashua. Ukingo wa chuma ukamkata bega, kidonda kikaoza. Alikufa mara tu baada ya Idi, mwezi wa Mfunguo Mosi, wakamzika kando ya njia. Na mashua? Vipande viwili vilipotea, vilivyobaki vikatupwa. Huenda wenyeji wamekwisha vifua majembe.

Mwanajuma, mama yake Majaliwa, alipiga ukelele mmoja, ukakatika katikati. Kibibi hakulia. Aliomba kaniki, nguo nyeusi ya msiba, akaomba aitiwe Mwalimu Alawi, amweke eda.

Mwalimu alikuja, akahesabu kwa vidole. Sasa ni Mfunguo Saba, na eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi, huanza siku ya kifo, si siku ya habari.

"Yako imekwisha, mwanangu. Ilikwisha kabla ya Maulidi. Huna kifungo."

Kibibi akakumbuka Mfunguo Tatu, arusi ya jirani yao Zuleha. Alicheza mpaka miguu ikamuuma, ana asumini kichwani. Kumbe mjane aliyemo edani ndiye aliyekuwa akicheza, na wote waliomtunza pesa hawakujua.

"Nilikaa eda lini, mwalimu?"

Mwalimu akasema Mungu hamshiki mtu kwa asilolijua. Alisema kwa upole, na upole ule ukamzidishia maumivu. Majirani nao wakampa pole, wakaongeza kwamba walau ameepuka kufungiwa chumbani kwa joto hili. Mmoja akadokeza kwamba hata akiposwa kesho hapana ubaya.

Walipoondoka alisugua viganja kwa majivu na kumbi la nazi mpaka ngozi ikachubuka. Mwanajuma akamshika mikono yote miwili.

"Acha, mkwe wangu. Hina haisuguliwi ikatoka. Itakwenda yenyewe. Mpaka iende, mimi na wewe hatuna tunakokwenda."

Wakafunga mlango. Haikuwa eda, wala hawakumuuliza mwalimu iitwe nini.

Wiki ile ile sauti ya Rajabu ikasikika barazani. Vijana walikuwa wamemzunguka, kwa kuwa alikuwa amefika Mzungu mwingine na mashua kubwa zaidi, ya moshi, naye anaandika watu. Katika masimulizi yake Rajabu alikuwa ziwani tayari. Mashua ya chuma inakata mawimbi, Majaliwa ameshika usukani, wenyeji wameziba midomo kwa mastaajabu.

Kibibi akajitanda kaniki, akafungua mlango nusu.

"Rajabu, mashua haikuelea."

"Shemeji, nilikuwa namsifu tu."

"Msifu kwa aliyoyafanya. Alibebeshwa chuma mpaka kikamuua. Liseme hilo hapo hapo, walisikie hawa wanaotaka kuandikwa."

Rajabu akateremsha mkono uliokuwa ukionyesha wimbi. Kisha vijana wawili wakainuka, wakakung'uta kanzu zao, wakaondoka kwa haraka ya adabu. Kibibi aliwafuata kwa macho. Hawakwenda makwao, walishika njia ya nyumba ya Mzungu, kabla nafasi hazijajaa.

Akarudi ndani. Mwanajuma alisogea mkekani kumpisha. Kibibi akakaa, akainua mikono penye mwanga wa dirisha. Viganjani hina ilikuwa imeanza kufifia. Kwenye kucha ilikuwa bado nyekundu.